Uhuru: Kutoka Ghuba ya Ungwana hadi Shimo Jeusi

Setilaiti ya kwanza kuundwa kwa kazi moja tu, ya kuchunguza mbingu kwa eksirei, ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, saa nane kasoro dakika saba mchana, kutoka jukwaa la chuma lililosimama majini katika Ghuba ya Ungwana, mkabala na Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Siku hiyo Kenya ilikuwa ikitimiza miaka 7 ya uhuru wake. Katika makabrasha ya NASA, shirika la anga la Marekani, chombo hicho kiliitwa SAS-A, na kilipokwisha kufika angani kikawa SAS-1. Majina hayo mawili leo wanayakumbuka wachache. Lililoshika ni Uhuru, na wanaastronomia wa kila taifa hulibeba bila hata kulifikiria: wanapoandika 4U 1820-30 au 4U 1700-37, tarakimu 4 ni toleo la nne la orodha, na U ni herufi ya kwanza ya neno hilo la Kiswahili.

Chombo chenyewe hakikuwa kikubwa. Kilikuwa na uzito wa kilo 140 na ushei, yaani hakikutimia magunia mawili ya mahindi. Kilidumu kazini miaka miwili na miezi michache. Ili kuelewa kwa nini kitu kidogo hivyo kiligeuza elimu ya nyota, hatuna budi kuanza na hewa.

Eksirei za hospitali hupenya nyama ya mwili na kukwama kwenye mfupa, ndiyo maana watu wengi hudhani hakuna kinachozizuia isipokuwa risasi. Kumbe hewa inatosha. Hewa yote iliyo juu ya kichwa cha mtu aliyesimama ufukweni ina uzito sawa na maji ya kina cha mita 10, na eksirei zinazotoka kwenye nyota humezwa zote kabla hazijafikia usawa wa ndege za abiria. Darubini ya eksirei ikijengwa kileleni mwa Kilimanjaro itaona giza tupu. Kwa viumbe wa duniani hilo ni jambo la heri. Kwa wanaastronomia lilikuwa pazia: kila kitu angani chenye joto la mamilioni ya digrii hung'aa zaidi kwa eksirei kuliko kwa mwanga wa macho, na pazia hilo likakificha tangu zama za kale mpaka roketi zilipopatikana.

Roketi za mwanzo zilikuwa za vita. Marekani ilitwaa V-2 za Wajerumani mwaka 1945, na wanasayansi wakaruhusiwa kuweka vyombo vyao mahali pa baruti. Mwaka 1949 Herbert Friedman na wenzake wa maabara ya utafiti ya jeshi la majini walipandisha vihesabio vya Geiger na kuthibitisha kwamba Jua linatoa eksirei. Matokeo yaliwafurahisha wataalamu wa Jua, yakawavunja moyo wataalamu wa nyota. Nguvu ya eksirei za Jua ilikuwa kama sehemu moja katika milioni ya mwanga wake. Nyota iliyo jirani kabisa iko mbali mara 270,000 kuliko Jua. Kama nayo ingetoa eksirei kwa kiasi kile kile, zingefika hapa zikiwa dhaifu zaidi ya mara bilioni 70. Hesabu hiyo haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kudhani kwamba vitu vyote vya angani vinafanana na Jua.

Waliolifumbua hawakuwa wakitafuta nyota, walau si kwa karatasi za mkataba. Kampuni ndogo ya American Science and Engineering, mjini Cambridge katika jimbo la Massachusetts, ilipata fedha za jeshi la anga kwa ajili ya kuuchunguza Mwezi: eksirei za Jua zikiupiga uso wake, huenda mawe yake yakang'aa na kujulikana yameundwa na nini. Nyuma ya mpango huo alikuwapo Bruno Rossi, profesa wa chuo cha MIT, aliyeshikilia kwamba ulimwengu ni hodari wa kuvumbua kuliko binadamu, basi ni lazima kutazama kila mahali pasipowahi kutazamwa. Mtendaji alikuwa Riccardo Giacconi, Mwitalia mzaliwa wa Genoa ambaye hata miaka 31 alikuwa hajafikisha.

Usiku wa tarehe 18 Juni 1962, dakika moja kabla ya saa sita, roketi ya Aerobee ilipaa kutoka White Sands, New Mexico. Ilikaa juu ya kilomita 80 kwa sekunde 350, hata dakika sita hazikutimia. Ilibeba vihesabio vitatu, na vilivyofanya kazi ni viwili. Roketi ilikuwa ikizunguka kama pia, na katika kila mzunguko hesabu ilipanda ilipofika upande mmoja wa anga, upande ambao haukuwa wa Mwezi. Giacconi, Rossi, Herbert Gursky na Frank Paolini walikaa na data hizo miezi kadhaa wakitafuta kosa lao wenyewe kabla ya kuchapisha. Hapakuwa na kosa. Chanzo kilikuwa katika kundinyota la Nge, lile ambalo mabaharia wa Kiswahili waliliita Akarabu, nacho kikapewa jina la Sco X-1. Ajabu yake ilikuwa hii: Jua hutoa mwanga mara milioni kuliko eksirei, ilhali Sco X-1 ilitoa eksirei mara elfu kuliko mwanga. Hakuna nyota yoyote iliyojulikana ambayo ingeweza kufanya hivyo.

Roketi nyingine zikafuata, za Friedman, za Giacconi na za wengineo, zikaongeza chanzo hapa na kingine pale: Nebula ya Kaa katika kundinyota la Ng'ombe, kisha mwaka 1964 Cygnus X-1, iliyo katika kundinyota ambalo kwa Kiswahili huitwa Dajaja. Kufikia mwisho wa miaka ya 1960 vilijulikana makumi machache. Lakini kila roketi ilitoa dakika tano hivi za kutazama. Roketi mia zingetoa saa nane na kidogo, tena zilizokatikakatika kwa miaka. Chanzo kimoja kilionekana na nguvu safari hii, safari ijayo kikawa hafifu, na haikujulikana kama chanzo ndicho kilichobadilika au ni vyombo viwili visivyolingana. Katika Septemba 1963 Giacconi na Gursky walikuwa wamekwisha kuipelekea NASA mpango wa hatua kwa hatua, na ndani yake kulikuwa na setilaiti ambayo ingezunguka polepole na kulipitia anga lote, siku baada ya siku. Ilichukua miaka 7 kupatikana.

Ngomeni iliingia katika historia hii kwa sababu ya uzito na fedha. Setilaiti ndogo ilistahili roketi ndogo, na NASA ilikuwa nayo: Scout, yenye hatua nne, zote za fueli yabisi, iliyokuwa rahisi kuliko nyinginezo. Scout ikirushwa kwenye ikweta kuelekea mashariki hupewa msukumo wa bure na Dunia yenyewe, ambayo pale huzunguka kwa kasi ya kilomita 1,670 kwa saa. Sababu ya pili ilikuwa na uzito zaidi kwa wanafizikia. Dunia imezungukwa na mikanda ya chembe zenye umeme iliyogunduliwa na James Van Allen mwaka 1958, na mkanda wa ndani hushuka chini mno juu ya Atlantiki ya Kusini. Chembe hizo zikigonga kihesabio huhesabiwa kama eksirei. Setilaiti inayoifuata ikweta kwa umbali wa kilomita 500 na kitu hupita chini ya mikanda hiyo na kulikwepa karibu eneo lote lile la hatari. Rasi ya Canaveral, iliyo nyuzi 28 kaskazini ya ikweta, haikuweza kuipeleka Scout kwenye njia hiyo. Ghuba ya Ungwana, chini ya nyuzi 3 kusini ya ikweta, iliweza.

Na jukwaa lilikuwapo tayari, halikujengwa kwa ajili ya Uhuru. Luigi Broglio, ofisa wa jeshi la anga la Italia na profesa wa Chuo Kikuu cha Roma, aliiwezesha nchi yake kuafikiana na Marekani mwaka 1962: Wamarekani watoe Scout na mafunzo, Waitalia watengeneze setilaiti na mahali pa kurushia. Broglio alichagua bahari. Jukwaa la kuchimbia mafuta lilivutwa kutoka Italia hadi Kenya likapewa jina la Santa Rita, likawa chumba cha uongozi. La pili, San Marco, likawa la kurushia. Yote mawili yalisimama kwa miguu ya chuma kwenye maji mafupi, kilomita chache kutoka nchi kavu, na huko Ngomeni pakajengwa kambi ya mitambo ya mawasiliano. Mabaki ya roketi yaliangukia Bahari ya Hindi bila kumtishia mtu. Tarehe 26 Aprili 1967 setilaiti ya Kiitalia San Marco 2 ilipaa kutoka hapo, na kwa mara ya kwanza chombo kikafikishwa kwenye mzingo wa Dunia kutoka jukwaa la baharini kwenye ikweta. Uhuru ilipofika, Waitalia hao walikuwa na uzoefu. Ilikuwa setilaiti ya Marekani, ikirushwa na Waitalia, kutoka maji ya Kenya.

Aliyeusimamia mradi kwa upande wa NASA alikuwa Marjorie Townsend, mhandisi wa kwanza mwanamke kuhitimu katika Chuo Kikuu cha George Washington, mwaka 1951. Ndiye aliyependekeza chombo kiitwe Uhuru, kwa heshima ya nchi iliyowapokea na siku waliyorushia. Kuna kisa cha mchana ule ambacho Giacconi amekisimulia mwenyewe. Roketi ilipokwisha kutoweka angani, utaratibu ulitaka vihesabio visiwashwe kwanza, mpaka setilaiti ikaguliwe sehemu kwa sehemu. Yeye na Townsend hawakuweza kungoja. Walirukia mashua ndogo ya mpira, wakaivuka bahari hadi kambini, wakaingia kwenye gari lenye mitambo na kutuma amri ya kuwasha, kwa muda mfupi tu, wajue kama vihesabio vimesalimika na mtikisiko wa safari. Vilikuwa vizima. Wakavizima tena, ukaguzi ukaendelea kama ulivyopangwa.

Ndani ya Uhuru mlikuwa na vihesabio vya aina mbili vilivyogeuziana mgongo. Kila kimoja kilikuwa sanduku lenye gesi, na chembe ya eksirei ikiingia iliizindua gesi hiyo na kuzaa mshtuko mdogo wa umeme uliohesabiwa. Hapakuwa na kioo wala lenzi. Mbele ya kila sanduku palikuwa na mianya ya metali iliyoziba pande zote isipokuwa ukanda mmoja wa anga: upande mmoja ukanda wa upana wa nusu digrii, sawa na upana wa Mwezi mpevu unavyoonekana kwa macho, na upande wa pili digrii tano. Mwanya mwembamba ulitaja mahali, mwanya mpana ulishika vitu hafifu. Setilaiti ilijizungusha mara moja kwa kila dakika 12, na sumaku za umeme zilizoegemea usumaku wa Dunia ziliugeuza mhimili wake mpaka anga lote likafikiwa. Data zilihifadhiwa kwenye utepe na kumwagwa kila mzunguko setilaiti ilipopita juu ya kituo cha Quito, nchini Ecuador, ambacho nacho kiko kwenye ikweta.

Giacconi na wenzake walitarajia kutengeneza ramani. Walichokipata kwanza kilikuwa saa. Mwanzoni mwa 1971 Uhuru ilipita juu ya Cen X-3, chanzo kilichomo katika kundinyota la Kantarusi, na hesabu badala ya kupanda na kushuka mara moja kama kilima ikaja na meno kama msumeno. Umbali kati ya jino na jino ulikuwa sekunde 4.84. Astronomia ilikuwa na miaka mitatu tu tangu ijue pulsa, nyota zinazotoa mapigo ya redio, na zote zilieleweka kwa namna moja: nyota ya nyutroni, mabaki ya nyota iliyolipuka, yenye upana wa kilomita kama 20 na uzito unaolizidi Jua, ikizunguka na kupunguza mwendo kidogo kidogo kwa kuwa inatumia akiba yake ya mzunguko. Cen X-3 haikuwa hivyo. Mapigo yake yalichelewa, kisha yakawahi, kisha yakachelewa tena, na kila baada ya siku 2.09 eksirei zilikatika kabisa kwa saa kadhaa, halafu zikarudi.

Ethan Schreier, Harvey Tananbaum na wenzao walilitegua fumbo hilo kwa kuona kwamba mambo hayo mawili yanakwenda pamoja. Kitu kinachopiga kilikuwa kikizunguka kitu kingine kikubwa: kikija upande wa Dunia mapigo yanasongamana, kikienda mbali yanatawanyika, na kikipita nyuma ya mwenzake kinafichwa kama Mwezi unavyolificha Jua. Kisha wakaona jambo la tatu, lililozidi mengine. Kwa miezi, mapigo yalikuwa yakiongeza kasi. Nyota inayotumia akiba yake hupunguza mwendo. Hii ilikuwa ikipata nguvu kutoka nje.

Nje huko ni kwa mwenzi wake. Gesi ya nyota kubwa huvutwa na nyota ndogo, ikaizunguka kama maji yanavyozunguka kabla ya kuingia tunduni, ikaongeza joto mpaka mamilioni ya digrii, na mwishowe ikaanguka. Kilo moja ya haidrojeni ikiungua kama inavyoungua ndani ya Jua hugeuza chini ya asilimia 1 ya uzito wake kuwa nishati. Kilo hiyo hiyo ikianguka juu ya nyota ya nyutroni hutoa nishati ya asilimia 10 au zaidi. Mvutano, nguvu iliyodhaniwa dhaifu kuliko zote, ndiyo tanuri kali kupita tanuri la nyuklia. Mwanafizikia wa Kisovieti Iosif Shklovsky alikuwa amelisema jambo la namna hiyo kuhusu Sco X-1 mwaka 1967, na wachache walimsikiliza. Sasa ushahidi ulikuwa mezani. Mwaka huo huo wa 1971 ukapatikana mfano wa pili, Her X-1 katika kundinyota la Rakisi: mapigo ya sekunde 1.24, mzunguko wa siku 1.7. Mwaka 1972 John na Neta Bahcall wakaonyesha kwamba nyota ya kawaida iliyo mahali hapo hubadilika mwangaza kwa kipindi hicho hicho, kwa kuwa uso wake mmoja unachomwa na eksirei za jirani yake.

Kitu cha Dajaja kilikuwa na tabia nyingine. Cygnus X-1 haikuwa na mapigo. Ilipepesuka ovyo, kama mshumaa penye upepo, na Minoru Oda, mgeni kutoka Japani aliyekuwa akifanya kazi na kikundi cha Giacconi, alikuwa mwandishi wa kwanza wa makala ya 1971 iliyotangaza kwamba mabadiliko yake hutokea chini ya sehemu ya kumi ya sekunde. Kipimo hicho kinabana. Kitu hakiwezi kubadilika chote kwa muda mfupi kuliko ule ambao nuru inahitaji kukivuka, na katika sehemu ya kumi ya sekunde nuru huenda kilomita 30,000. Basi kitu kinachong'aa kuliko Jua maelfu ya mara kilikuwa kidogo kuliko upana wa Dunia tatu zikipangwa mstari.

Shida ilikuwa kujua ni nyota gani. Mianya ya Uhuru ilitaja mtaa, haikutaja nyumba. Msaada ulitoka kwenye redio. Katika majira ya Machi na Aprili 1971 chanzo cha redio kilijitokeza mahali ambapo hapo kabla hapakuwa na kitu, kikaonwa na darubini za Marekani na za Uholanzi, na mahali pake pakapimwa kwa usahihi mkubwa. Data za Uhuru zilipofunuliwa tena, ikaonekana kwamba wakati ule ule eksirei za Cygnus X-1 zilibadilika ghafla. Kitu ni kimoja. Na mahali palipotajwa na redio palikuwa na nyota ya buluu iliyokwisha kuandikishwa zamani kwa namba HDE 226868.

Kazi ikahamia kwa darubini za kawaida za vioo. Louise Webster na Paul Murdin wa Kituo cha Greenwich nchini Uingereza, na Tom Bolton wa Chuo Kikuu cha Toronto, kila upande kivyake, waliipima nyota hiyo na kukuta inayumba huku na huko kila siku 5.6, ikivutwa na mwenzi asiyeonekana. Matokeo yalichapishwa mwanzoni mwa 1972. Nyota ya buluu ni nzito sana, na kuiyumbisha kiasi kile kulihitaji mwenzi wa zaidi ya Majua matatu. Nyota ya nyutroni haiwezi kufika uzito huo, hujiporomokea yenyewe. Webster na Murdin, kwa uangalifu wa Kiingereza, waliandika kwamba huenda ni shimo jeusi, kitu ambacho hata nuru haiwezi kutoka ndani yake. Hapo kabla mashimo meusi yalikuwa hesabu za watu wa nadharia ya Einstein. Sasa moja lilikuwa na anwani.

Si wote waliosadiki mara moja. Desemba 1974 mwanafizikia Stephen Hawking aliwekeana dau na mwenzake Kip Thorne kwamba Cygnus X-1 si shimo jeusi. Hawking alikuwa ametumia miaka mingi kuyachunguza mashimo meusi, na mwenyewe alilieleza dau hilo kama bima: kama hayapo na kazi yake yote ni bure, angalau atapata magazeti ya miaka minne. Mwaka 1990 alikubali kushindwa. Vipimo vya redio vilivyotangazwa mwaka 2021 vimekipa kitu hicho uzito wa Majua 21 na umbali wa miaka nuru kama 7,200.

Ugunduzi wa tatu wa Uhuru ulipata kelele chache, ingawa kwa ukubwa hakuna unaoufikia. Baadhi ya vyanzo havikuwa nukta. Vilienea, na vilikaa juu ya makundi makubwa ya galaksi, kama yale ya Virgo, Coma na Perseus. Nafasi iliyo kati ya galaksi na galaksi, iliyodhaniwa tupu, ilijaa gesi nyembamba yenye joto la makumi ya mamilioni ya digrii, na gesi hiyo ikijumlishwa inazidi uzito wa nyota zote za galaksi zilizomo. Sehemu kubwa ya maada ya kawaida katika makundi hayo ilikuwa imejificha kwa sababu tu haing'ai kwa rangi ambayo macho yanaijua.

Uhuru yenyewe ilichakaa mapema. Kinasa utepe kiliharibika baada ya wiki chache, na tangu hapo data zilinaswa moja kwa moja na vituo vya ardhini kila chombo kilipopita juu yao, nyingine zikipotea baharini. Kazi ilikoma Machi 1973. Orodha ya mwisho, ile ya nne, ilitoka mwaka 1978 ikiwa na vyanzo 339, na mwaka uliofuata chombo kiliungua kilipoangukia hewani.

Jukwaa la San Marco lilikuwa bado na kazi. Tarehe 15 Novemba 1972 lilirusha SAS-2, iliyotazama mionzi ya gama. Ilikufa baada ya miezi 7 kwa hitilafu ya umeme, lakini ilikuwa imeshaona kitu kisichofahamika katika kundinyota la Mapacha. Kwa miaka karibu 20 kilitafutwa kwa redio na kwa darubini bila kupatikana, hata Giovanni Bignami, Mwitalia wa Milano, akakiita Geminga, jina ambalo kwa lahaja ya kwao linasikika kama "hakipo". Mapema miaka ya 1990 setilaiti ya Kijerumani ROSAT ilikikuta kikipiga mara nne na kidogo kwa sekunde: pulsa ya jirani, isiyosikika kwa redio.

Setilaiti Ariel 5 ya Waingereza nayo ilirushwa kutoka San Marco tarehe 15 Oktoba 1974. Agosti 1975 ilishuhudia chanzo kipya kikiwaka na kuzidi vyote vya eksirei angani isipokuwa Jua, hata Sco X-1. Kiliitwa A0620-00, kikafifia baada ya miezi, na mwaka 1986 Jeffrey McClintock na Ronald Remillard wakathibitisha kwamba nacho kinazidi kikomo cha nyota ya nyutroni. Ariel 5 hiyo hiyo ilitangaza mwaka 1976 alama ya chuma katika gesi ya kundi la Perseus. Chuma hupikwa ndani ya nyota. Kukikuta kati ya galaksi kulimaanisha kwamba gesi ile ilikwisha kupita kwenye matumbo ya nyota na kutapikwa nje. SAS-3 ya MIT ikafuata tarehe 7 Mei 1975, ikachunguza milipuko ya eksirei ya sekunde chache, ambayo ilikuja kueleweka kuwa ni heliamu iliyorundikana juu ya nyota ya nyutroni ikalipuka yote kwa pamoja. Scout ya mwisho kupaa kutoka San Marco iliondoka tarehe 25 Machi 1988.

Mpango wa Giacconi na Gursky wa 1963 nao ulitimia kwa hatua. Mwezi Novemba 1978 ilirushwa Darubini ya Einstein, ya kwanza kupiga picha halisi za eksirei kutoka nje ya mfumo wa Jua. Eksirei hazirudishwi na kioo cha kawaida. Huingia ndani yake. Lakini zikikigusa kioo kwa pembe ndogo mno huteleza, kama kijiwe kinavyoruka juu ya maji, na kwa kupanga vioo kama mapipa yaliyoingiliana huweza kukusanywa mahali pamoja. Chandra, iliyopelekwa na chombo cha Columbia Julai 1999, inafanya hivyo kwa ukali ambao umezitenganisha hata eksirei za mandharinyuma, ule mng'ao wa anga lote ulioonwa katika roketi ya 1962: sehemu yake kubwa ni mashimo meusi makubwa ndani ya galaksi za mbali, moja moja. Giacconi alipata nusu ya Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002. Nusu ya pili waligawana Raymond Davis na Masatoshi Koshiba kwa kazi yao juu ya nyutrino. Giacconi alifariki Desemba 2018.

Ngomeni haikuachwa. Kituo kile, ambacho sasa kina jina la Luigi Broglio, hakirushi tena, ila antena zake husikiliza. Swift, iliyorushwa Novemba 2004 kuwinda milipuko ya mionzi ya gama, hushusha data zake hapo. Ndivyo ilivyo pia kwa IXPE, darubini ya Marekani na Italia iliyorushwa tarehe 9 Desemba 2021 na kuwekwa juu ya ikweta kwa sababu zile zile zilizoileta Uhuru. Malindi ndicho kituo chake kikuu cha kupokea. IXPE hupima mwelekeo ambao mawimbi ya eksirei yanatikisika, jambo ambalo vihesabio vya 1970 havikuweza hata kuligusa. Mei 2022 ilielekezwa Cygnus X-1. Vipimo vilionyesha kwamba gesi ya moto zaidi, ile inayotoa eksirei kali, haikusimama juu ya shimo jeusi kama nguzo, jinsi baadhi ya nadharia zilivyodai. Imetandazwa kando kando, sambamba na sahani ya gesi inayoanguka.